Sungura wawili sebuleni kwa laki moja na nusu

SWALI: Nimewanunulia wanangu sungura wawili wa miezi miwili. Tumepanga chumba na sebule ghorofa ya pili, Tabata, Dar es Salaam. Sebule ni kama mita 4 kwa 3.5, sakafu ya vigae. Muuzaji ana banda la waya la ghorofa mbili, upana wa sentimita 90 kwa 50, anataka laki moja na themanini. Mimi nina laki moja na nusu tu, na mwenye nyumba ameshasema hataki kusikia harufu. Nijikaze niongeze hiyo elfu thelathini, au kuna njia nyingine?

JIBU: Dada, usiongeze hata shilingi, na banda hilo usilichukue hata akikupunguzia. Kwa pesa uliyonayo unaweza kuwapa sungura wako nafasi kubwa mara sita ya hiyo, maana kinachogharimu kwenye banda la duka ni chuma, paa, ngazi na kazi ya fundi, wakati sungura anachohitaji ni sakafu. Na sakafu unayo tayari, unailipia kodi kila mwezi.

Hesabu ni hii. Sentimita 90 kwa 50 ni chini ya nusu mita ya mraba. Ghorofa ya pili ya banda hilo haiongezi kitu cha maana, kwa sababu sungura harukii juu na chini kama paka. Anakimbia kwenda mbele. Kipimo kinachotumika ni kwamba sungura mzima aweze kuruka mara tatu mfululizo bila kugonga ukuta, ajinyooshe mwili mzima akiwa amelala, na asimame kwa miguu ya nyuma bila masikio kugusa juu. Hao wako wa miezi miwili wanaonekana wadogo, lakini sungura wengi wanaouzwa Dar hutoka kwa wafugaji wa nyama. Akiwa New Zealand White atafika kilo 4 hadi 5, akiwa na damu ya Flemish Giant anaweza kupita 6. Mnyama wa kilo 4 hujinyoosha zaidi ya sentimita 60, na kuruka mara tatu kunamtaka karibu mita 2. Ndani ya banda la sentimita 90 atageuka tu. Sungura anayegeuka tu miezi kwa miezi hunenepa, tumbo lake huwa zito kufanya kazi, na huanza kuuma waya usiku kucha.

Chama cha ustawi wa sungura cha Uingereza, Rabbit Welfare Association & Fund, kinapendekeza mita 3 kwa 2, na kimo cha mita 1, kwa sungura wawili, muda wote. Kwa sebule yenu hiyo ni karibu nusu ya chumba, na nyie mna watoto na makochi. Kwa hiyo nakushauri uzio wa mita 2.4 kwa 1.2 kwenye kona, wa kukaa usiku na saa ambazo hakuna mtu nyumbani, kisha uufungue alfajiri na jioni ili watumie sebule yote, jumla saa 4 kwa siku au zaidi. Nyakati hizo mbili, alfajiri na jioni, ndizo za sungura hasa. Mchana wa joto watalala tu, hata ukiwafungulia uwanja wa mpira.

Sasa uzio wenyewe. Ukiuweka kwenye kona, kuta mbili zinakufanyia kazi bure, na wewe unajenga pande mbili tu: 2.4 na 1.2, jumla mita 3.6. Hizo ni fremu tatu, kila moja urefu wa sentimita 120 na kimo cha 90. Mbili zinasimama upande mrefu, moja upande mfupi. Ziunganishe kwa bawaba, na ya mwisho iwe mlango wenye komeo la nje. Zikiwa na bawaba unaweza kuzikunja na kuzihamisha siku ya kuhama, na huna haja ya kutoboa ukuta wa mwenye nyumba.

Kwa fremu tatu unahitaji mbao nne za mbili kwa mbili, zile za futi 12. Mbao mbili zinatoa vipande sita vya kulala, moja na nusu inatoa vipande sita vya kusimama, na nusu inayobaki itakufaa baadaye. Hapa kuwa makini: mbao nyingi za kupaulia madukani zimetiwa dawa ya wadudu na zina rangi ya kijani kijani. Usizichukue. Sungura atazitafuna, na dawa hiyo ina shaba, mara nyingi na aseniki pia. Omba mbao kavu ya msindano isiyo na dawa, na usiipake rangi wala vanishi.

Waya uwe waya meshi wa kuchomelewa, wenye matundu ya inchi 1 na kimo cha futi 3, mita 3.6. Kata mita 4 upate ziada ya makosa. Watu wengi huchukua wavu mwembamba wa kuku wenye matundu ya pembe sita kwa sababu ni rahisi, na huo ndio unaoleta hasara: sungura anaweza kukata uzi wake kwa meno, kisha ncha zilizokatika zinamchana midomo na kope. Matundu ya inchi 2 nayo usiyakubali kwa sasa. Sungura wa miezi miwili hupitisha kichwa, akivuta kurudi anakwama kwenye mashavu, anapapatika kwa hofu, na uti wa mgongo wa sungura unaweza kuvunjika kwa teke lake mwenyewe.

Mwambie fundi apigilie waya upande wa ndani wa fremu, yaani upande wa sungura. Mafundi hupenda kuupigilia nje kwa sababu unapendeza zaidi. Ukiwa ndani unafanya kazi mbili: unaficha mbao wasizitafune, na kila wanapousukuma wanaukandamiza kwenye mbao badala ya kuing'oa ile misumari ya umbo la U. Ncha zote za waya zikunjwe au zipigwe tupa mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa.

Kimo cha sentimita 90 kinawatosha wengi. Ukiona mmoja anaruka na kushika ukingo, usifunike kwa waya mara moja. Angalia kwanza kama kuna boksi karibu na uzio analolitumia kama ngazi, kwa maana mara nyingi ni hilo.

Kuhusu pesa, panga hivi: uzio pamoja na kazi ya fundi usizidi elfu tisini. Elfu ishirini na tano ni ya beseni la choo, mabakuli na mkeka. Elfu kumi ya nyasi kavu za kuanzia. Elfu ishirini na tano iliyobaki usiiguse, ni ya kumwona daktari wa mifugo wiki ya kwanza. Ukikuta mbao na ufundi vinapitisha elfu tisini, acha mbao kabisa. Kata waya vipande vitatu vya sentimita 120, viunganishe kwa vile vibanio vya plastiki ambavyo mafundi umeme hufungia nyaya, vitano kila muungano, vichwa vikiangalia nje. Uzio huo ni mwepesi na sungura wazima watausogeza, kwa hiyo ufunge kwenye mguu wa kabati na wa kochi. Hautapendeza machoni, lakini wanyama hawatapungukiwa kitu. Njia ya tatu ni kitanda cha mtoto cha mtumba kilichotolewa chaga na kuzungushiwa waya ndani. Peke yake ni kidogo mno, ila kikiunganishwa na fremu moja au mbili kinasaidia.

Kwenye kuta mbili za kona, simamisha vigae chakavu au vipande vya plaiwudi vya kimo cha sentimita 30 hivi. Bila hivyo watakwangua plasta, na dume anaporusha mkojo madoa yatabaki ukutani, halafu utakuja kuyalipia siku ya kukabidhi nyumba.

Sakafu ndiyo watu wanayoikosea kuliko kitu kingine chochote. Nyayo za sungura hazina ngozi nene kama za mbwa, zina manyoya tu. Juu ya waya, uzito wote unakaa kwenye nyuzi chache, manyoya yanalika, ngozi ya kisigino inakuwa nyekundu, inapasuka, inaoza. Hilo ni kosa la pili la banda uliloonyeshwa. Vigae vitupu vina tatizo tofauti: vinateleza. Sungura anayeteleza huacha kukimbia, hukaa mahali pamoja, na ukimkuta kwenye mkojo wake vidonda ni vilevile.

Tandika tabaka mbili. Chini weka kapeti la mpira, lile linalouzwa kwa mita, likiwa pana kuliko uzio kwa sentimita 10 kila upande wenye fremu ili kingo zake zibanwe chini ya fremu, nje ya meno. Hilo linazuia mkojo usiingie kwenye viungio vya vigae. Juu yake weka mkeka wa ukindu au jamvi. Mkeka wa plastiki, hata kama ni mzuri na wa bei ndogo, usiweke: wakimeza nyuzi zake zinajisokota tumboni, na sungura hana uwezo wa kutapika. Ukindu wakiutafuna hakuna madhara, utanunua mwingine tu. Acha pia kipande cha vigae vitupu, kama sentimita 60 kwa 60, upande wa kivuli. Kwa Dar hapo ndipo watakapolala mchana.

Mwenye nyumba na harufu: kinachonuka ni mkojo, si kinyesi. Vidonge vya sungura vikikauka havina harufu karibu kabisa. Mkojo ukikaa hutoa amonia, na kabla haujawafikia majirani unakuwa umeshawachoma sungura pua na macho, ndipo chafya na makamasi yanapoanza. Dawa yake ni choo. Sungura huchagua kona moja ya kukojolea mwenyewe, kazi yako ni kumfuata. Waache siku mbili, angalia wanapokojolea, weka hapo beseni la mstatili lenye ukubwa wa sentimita 50 kwa 40 au zaidi na kingo za sentimita 12 hivi. Beseni dogo la kuoshea vyombo halitatosha wakikua, maana hupenda kuingia wawili pamoja. Chini weka magazeti, juu yake maranda makavu unene wa sentimita 3, yatoke kwa fundi seremala asiyetumia mbao za dawa. Yapepete vumbi kwanza. Mchanga wa paka ule unaogandamana ukilowa usiutumie hata ukipewa bure, kwa sababu wakiula unagandamana tumboni vilevile.

Siri ya choo ni nyasi. Sungura hula huku anakunya. Weka nyasi kavu kwenye upande mmoja wa beseni, au zining'inize juu yake, na utaona wanakwenda wenyewe. Kila mmoja apate kwa siku fungu lenye ukubwa wa mwili wake, na zisikosekane usiku. Kama hupati za kununua, kata nyasi ndefu mbali na barabara na mbali na wanapopita mbwa, zianike siku mbili au tatu mpaka bua likatike kwa mlio. Zikifungwa zikiwa na unyevu zitaota ukungu, na ukungu unaua. Pumba za mahindi alizokuelekeza muuzaji, kama amekuelekeza, zisiwe chakula chao kikuu: zinanenepesha, zinaharibu tumbo, na kinyesi kinakuwa laini na chenye kunuka, basi beseni lote linakushinda.

Kila asubuhi toa sehemu iliyolowa. Kila siku ya tatu mwaga yote, osha kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, uache dakika kumi. Yale magamba meupe ya mkojo wa sungura ni chokaa, siki huyayeyusha. Usimwage Jiki juu ya mkojo: amonia na klorini zikikutana zinatoa gesi inayochoma mapafu, ya kwenu na ya wanyama. Ukitaka kutumia Jiki, osha kwanza kwa maji na sabuni mpaka mkojo utoke wote, suuza, ndipo uitumie nje barazani, kisha suuza tena.

Sasa joto, ambalo kwa mji wenu linaweza kuua sungura hata wa ndani. Sungura hatoi jasho, na kuhema hakumsaidii sana. Anapoza damu kwa masikio. Joto likipita nyuzi 28 anaanza kuelemewa, na Dar kati ya Desemba na Machi mchana unafika 32, tena wenye unyevunyevu. Kwa hiyo chagua kona kwa kuzingatia jua kabla ya kuzingatia makochi. Isiwe ukuta unaopigwa na jua la jioni, isipakane na jiko, na isiwe baraza lenye bati. Iwe sehemu ambayo hewa ya dirishani inapita. Feni izungushe hewa ya chumba, isiwapulize usoni, na usiitegemee peke yake, kwa sababu umeme hukatika saa ileile unapouhitaji. Gandisha chupa nne za maji za lita moja na nusu, mbili zikae kwenye uzio zimefungwa kitambaa cha pamba, mbili zikiwa kwenye friza. Watajiegemeza wenyewe. Ukiona sungura amelala ubavu anahema mdomo wazi, masikio ni mekundu na ya moto, pua imelowa, huo ni ugonjwa wa joto. Mlowanishe masikio kwa maji ya kawaida, yasiwe ya barafu, mpeleke penye hewa, na piga simu kwa daktari huku mkienda.

Maji wape kwenye bakuli zito la kauri au la udongo badala ya chupa ya kunyonya. Kwenye bakuli wanakunywa zaidi, na ile chupa mpira wake huziba bila wewe kujua. Sungura wa kilo 4 anaweza kumaliza nusu lita kwa siku kukiwa na joto, hivyo weka bakuli mbili za nusu lita na uzijaze asubuhi na jioni.

Pa kujificha si lazima ununue. Omba dukani maboksi mawili ya katoni, kama sentimita 60 kwa 40, bandua gundi za plastiki na pini zote, kisha kata milango miwili kila boksi. Mlango mmoja hautoshi: mkubwa akimfuata mdogo ndani, mdogo hana pa kutokea na wanaumana. Maboksi watayala, ubadilishe kila mwezi. Vijiti vya mpera na vya mforosadi viwe vya kutafuna, kwani meno yao hayaachi kuota. Majani ya parachichi, mihogo na mnyonyo yasiingie ndani kabisa.

Kabla hujawafungulia sebule, pitia nyaya. Waya wa runinga na wa chaja kwao ni mzizi wa kukata. Nunua paipu ya plastiki ya kupitishia umeme, ipasue kwa kisu kwa urefu, pachika nyaya ndani. Za kuchajia simu zipande juu, zaidi ya mita moja. Chini ya kochi ziba kwa ubao, vinginevyo watapasua kitambaa na kuingia ndani ya sponji. Dawa za mbu za kupuliza na za kuchoma zisitumike chumba chao. Tundika chandarua juu ya uzio usiku, kikining'inia nje ambako meno hayafiki. Na wakipata viroboto, usikubali dawa ya mbwa yenye fipronili, ni sumu kwa sungura.

Limebaki jambo moja ambalo linaweza kubadilisha mpango wote, nalo ni jinsia. Wauzaji wengi hukosea kutofautisha dume na jike wakiwa wadogo. Yule daktari uliyemtengea elfu ishirini na tano, kazi yake ya kwanza iwe kuwakagua. Wakiwa dume na jike, wanaweza kupandana kuanzia miezi mitatu na nusu au minne. Mimba ni siku 30 hadi 32, na jike anaweza kushika nyingine siku ileile anayozaa. Wakiwa madume wawili, umri huohuo wanaweza kuanza kuraruana sehemu za siri. Majike wawili wa tumbo moja ndio huvumiliana zaidi, ingawa nao hawana uhakika. Kwa hiyo mwambie fundi aweke bawaba moja ya ziada katikati ya upande mrefu, na uanze kuweka akiba ya fremu ya nne. Wakifika wiki 12, ipachike hapo igawe uzio vyumba viwili vya mita 1.2 kwa 1.2. Wataonana na kunusana kupitia waya, na sebule wataitumia kwa zamu, mmoja alfajiri na mwingine jioni, mpaka dume ahasiwe. Baada ya kuhasiwa hesabu wiki sita kamili kabla ya kuwaunganisha na jike, kwa sababu mbegu hubaki mwilini muda huo.

Pesa ya kuhasi inaweza kuwa kubwa kuliko ya uzio wote, ndiyo maana nakuomba uulize bei yake sasa, wakati bado una miezi miwili ya kuichanga.